Chama cha Historia, 4:00 Kamili

Jumatatu, 3 Machi

Naapa kuandika yote. Mazuri, mabaya na ya kuaibisha. Mwalimu wa Historia anasema waandishi wa wafalme wa kale waliandika ushindi tu, ndiyo maana leo tunawasoma huku tumekunja uso. Sitaki anayenisoma akunje uso. Hata kama anayenisoma ni mimi mwenyewe, nikiwa bibi kizee mwenye meno matatu.

Hali ilivyo. Hii ni wiki yangu ya tano katika shule hii. Mama ni mkunga. Alihamishiwa zahanati ya hapa, nami nikahamishwa pamoja na masufuria. Tunakaa vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani. Baba ni dereva wa lori la masafa marefu. Hupita nyumbani kila baada ya wiki tatu, anakula, analala, anauliza nipo darasa la ngapi.

Rafiki: hakuna. Si kwamba watu wa hapa ni wabaya. Wanasalimia vizuri. Ila walishagawana zamani. Kila mtu ana wa kukaa naye, wa kuazimana naye penseli, wa kununiana naye. Mimi nilifika wakati hesabu imeshafungwa. Mapumziko nakaa kwenye ngazi za nyuma ya stoo ya michezo, nakula mkate na yai, karibu na mashine ya kukatia majani iliyokosa gurudumu moja. Tunaelewana, mimi na mashine. Haijawahi kuondoka nikiwa katikati ya sentensi.

Jina la utani nimeshapewa: Kalenda. Siku yangu ya kwanza Mwalimu aliuliza swali dogo, nikajibu kwa mwaka, mwezi, tarehe na siku ya wiki. Nilidhani watu watafurahi.

Sasa mpango. Nitaanzisha Chama cha Historia. Kuja kukaa na msichana usiyemjua ni kazi nzito, simlaumu mtu. Lakini kuja kusikiliza jinsi jeshi lilivyoshindwa na ndege, nani atakataa? Watakuja kwa ajili ya ndege. Wakishaketi, nitakuwa nimeketi nao.

Nilimwendea Mwalimu ofisini. Ni mtu mfupi mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema vizuri, binti, lakini chama si mtu mmoja na mdomo wake. Anataka majina matano, na anataka auone mkutano kwa macho yake kabla Ijumaa haijaisha. Nikiweza, stoo ya ramani itakuwa chumba chetu. Nikishindwa, anakipata Rula. Akanipa ufunguo.

Rula ni kiranja wa darasa letu. Anaitwa hivyo kwa sababu hatembei bila rula ya mbao, anapimia nayo madaftari, kucha na pindo za sketi. Chumba kile anakitaka kwa chama cha drafti. Aliposikia habari zangu alicheka kwa adabu, akasema eti, Kalenda mwenzangu, watu wako wote walishakufa, sasa kwenye mkutano atanyoosha mkono nani?

Jibu lilinijia nikiwa nyumbani naosha vyombo. Lilikuwa jibu zuri sana. Sufuria ililisikia.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza: chambo.

Nilifika shuleni geti likiwa ndiyo linafunguliwa. Nikaandika kwenye kona ya ubao, kwa mwandiko wangu wa mtihani: JE, WAJUA? Mwaka 1932 wanajeshi wa Australia walitumwa na bunduki za rashasha wakapambane na emu, ndege warefu wasioruka, waliokuwa wakiharibu mashamba ya ngano. Emu walitawanyika, wakakimbia, na wanajeshi wakarudishwa nyumbani. EMU WALISHINDA.

Kisha nikaenda kukaa, kama mpishi anayesikiliza watu wakionja.

Kelele ilikuwa nzuri mno. Mmoja alisema emu ni kuku tu. Mwingine akauliza kuku gani huyo wa kushinda jeshi. Wa tatu akasema huyo hajamwona jogoo wa bibi yake, yule hata mkusanya taka hupita upande wa pili. Basi wakamjadili jogoo wa bibi mpaka kengele ikalia. Emu waliachwa nje ya mazungumzo. Mimi vilevile.

Rula akaja na rula yake. Maandishi yangu yalikuwa na upana wa sentimita arobaini na mbili. Sheria ya kona ya matangazo ni thelathini. Alifuta zilizozidi, kwa uangalifu, na zilizozidi zilikuwa ni pamoja na EMU WALISHINDA. Kwa hiyo darasa letu sasa halijui nani alishinda. Hivi ndivyo historia inavyopotea. Nimeona kwa macho yangu.

Lakini. Baada ya kipindi cha mwisho nilirudi kufuta ubao. Chini ya maneno yangu kulikuwa na alama ya vema. Ndogo, ya chaki, safi, kama ya mwalimu anayesahihisha. Nani aliiweka? Nilisimama pale nikiitazama hadi mfagizi akaniuliza kama nina homa. Nilifuta kila kitu kilichoizunguka. Yenyewe nikaiacha.

Nikapata nguvu. Nikabandika tangazo kwenye mbao za matangazo:

CHAMA CHA HISTORIA. Mkutano wa kwanza. Alhamisi, 4:00 kamili, stoo ya ramani. Wote karibuni.

Neno "kamili" nimelipigia mistari miwili, maana sipendi watu wanaochelewa.

Nakala moja nilimletea mama. Aliisoma akiwa bado na sare ya kazini, akasema imependeza, mama yangu, ila mbona hujaandika ni asubuhi au jioni? Nikamwambia mama, nani anafanya mkutano wa chama asubuhi? Kila mtu ataelewa. Akasema haya. Alikuwa amezalisha mapacha na hakuwa na nguvu ya kubishana.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu ya pili: twiga.

Ubaoni (sentimita ishirini na tisa, nimepima): JE, WAJUA? Mwaka 1414 mtawala wa Bengali alimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga aliyetoka Afrika. Watu wa ikulu walidhani ni mnyama wa hadithi zao, anayeonekana tu nchi ikiwa na mtawala mwema.

Nikawaza: kama twiga mmoja aliweza kuduwaza ikulu nzima, hashindwi na darasa la watu arobaini na moja. Fundi cherehani alinipa makatoni na yale mabomba ya karatasi ambayo vitambaa huja vimezungushwa. Nimekuwa nikimjenga tangu juzi. Shingo peke yake mabomba matatu. Mwili, maboksi mawili ya nyuzi. Madoa nilipaka kwa majani ya chai. Alikuwa na mita mbili na nusu, na tangazo la mkutano limemning'inia shingoni. Alikuwa na sura ya upole.

Tulipita mtaani salama. Getini salama. Kwenye mlango wa darasa, kichwa kiliingia kwa juu, kwenye dirisha dogo la hewa, mwili ukakataa kwa chini. Nikavuta. Mwili ukaja. Shingo ikabaki.

Kipindi cha Hesabu chote kichwa cha twiga kilikuwa juu ya mlango, kikilitazama darasa. Mwalimu wa Hesabu aliuliza ni wa nani. Nikanyoosha mkono. Rula alipima mlango: mita mbili na sentimita tano. Akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, Kalenda, kwani hukupima?

Sikupima. Nimeapa kuandika yote.

Mwaka 1628 Waswidi walizindua merikebu kubwa ya vita, yenye mizinga na nakshi, mji mzima ukiwa pwani unashangilia. Ilizama kabla haijafika hata kilomita mbili. Niliwahi kujibu swali la mtihani kuhusu merikebu ile na nikapata alama zote. Leo ndiyo nimeielewa.

Fundi seremala wa shule alishusha kichwa kwa ngazi. Mizigo yangu yote ikawekwa nje ya ofisi. Sasa sikiliza. Nilipokwenda kuichukua baada ya masomo, twiga alikuwa amesimama mzima. Shingo ilikuwa imefungwa mwilini kwa waya mwembamba wa shaba, mwembamba kama unywele, fundo kwa fundo, nadhifu kuliko kazi yangu yote. Na kwenye sikio la kushoto, alama ya vema.

Nilitazama pande zote. Hakukuwa na mtu ila binti mmoja wa darasa letu, anayekaa dirishani, wanamwita Kimya. Baba yake ni fundi saa, ana kibanda karibu na posta. Sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "nipo" wakati wa kuitwa majina. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Nilitaka kumuuliza. Lakini mtu anayefunga kiatu ana shughuli zake. Nikampisha.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mkutano. Sijui nianzie wapi, basi nianze asubuhi.

Mapumziko ya saa nne nilikwenda kwenye ngazi zangu kufanya mazoezi ya hotuba. Upande wa stoo ya ramani kulikuwa na zogo, watu wakicheka, mtu akigonga mlango, halafu wakaimba kitu. Nikajua ni watu wa drafti wanakuja kupima chumba kabla hata hakijawa chao. Nilikereka. Nikajipa moyo, nikaendelea na mashine. Mashine ilisikiliza hotuba mara mbili.

Vipindi vya mchana watu walininyamazia. Si ule ukimya wa kila siku, ninaujua ule. Huu ulikuwa mwingine, wenye migongo. Nikadhani wana hamu ya mkutano.

Saa kumi kasorobo nilifungua stoo. Nilifagia. Nilipangusa ramani ya dunia, ambayo ina nchi mbili zisizokuwepo tena. Nilipanga viti kumi na viwili, kwa matumaini yanayofaa, kisha nikaondoa kimoja ili nisionekane nina tamaa, kisha nikakirudisha. Biskuti kumi na mbili kwenye sahani. Twiga kwenye kona.

Saa kumi kamili hakukuwa na mtu. Saa kumi na robo nilitoka kutazama kama tangazo langu bado lipo. Lilikuwepo. Saa kumi na nusu nilisikia hatua, nikasimama, nikatabasamu. Mfagizi. Alikuja kuchukua kiti chake, maana kimoja kati ya vile kumi na viwili kilikuwa chake.

Hata Mwalimu hakuja.

Basi niliitoa hotuba. Ilikuwa imeshaandikwa. Nilivieleza viti kumi na kimoja habari za yule askari wa Japani aliyetumwa kwenye kisiwa cha Ufilipino wakati wa vita vikuu vya pili. Vita viliisha mwaka 1945. Yeye hakuamini. Ndege zilirusha karatasi za kumwambia rudi, vita vimekwisha, akaona ni hila za adui. Alikaa msituni karibu miaka thelathini, mwanzoni na wenzake, mwishoni peke yake. Watu wa kisiwa waliteseka kwa ajili yake na wengine waliuawa, na hilo lazima lisemwe pia. Alisema hatoki bila amri ya mkubwa wake. Ikabidi atafutwe mkubwa wake wa zamani, ambaye kwa wakati huo alikuwa anauza vitabu, akapelekwa hadi msituni akamsomea amri ya kuacha vita. Ilikuwa tarehe 9 Machi 1974.

Nilikuwa nimepanga kuuliza wasikilizaji: alikuwa mjinga, au ni kwamba hakuna aliyemwambia kwa namna anayoielewa? Nikauliza. Kiti cha mbele kililia kidogo, lakini kile hulia chenyewe, mguu wake mmoja ni mfupi.

Biskuti nimerudi nazo. Mama aliuliza mkutano umekwendaje. Nilisema watu walikuwa watulivu.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi, ubaoni, kwenye kona yangu, kwa mwandiko usio wangu: JE, WAJUA? KALENDA HAINA SAA.

Darasa zima lilicheka. Nilikaa. Sikulia. Nilikuwa na kitu jichoni kwa vipindi viwili.

Mwalimu wa Historia aliniita. Nilikwenda na karatasi ya majina, ambayo ilikuwa na jina moja, langu, kwa mwandiko mzuri. Nilianza kumwambia samahani Mwalimu, watu wa shule hii hawapendi historia. Akaniuliza nina maana gani. Jana saa nne, akasema, mimi mwenyewe nilipita pale stoo nikakuta watu kumi na moja mlangoni. Kumi na moja, binti. Waliacha chai yao. Walisimama hadi kengele. Wengine waligonga mlango, wengine wakaimba kukuita. Wewe ulikuwa wapi?

Nilisema tangazo lilikuwa la saa kumi.

Akanipeleka kwenye mbao za matangazo. Akaweka kidole kwenye 4:00. Akaniambia nisome. Nikasema Mwalimu, 4:00, mshale mfupi kwenye nne, ndiyo saa kumi jioni. Shule yangu ya zamani ratiba ya ukutani iliandikwa hivyo, kwa kufuata uso wa saa. Mwalimu akafumba macho, vumbi la chaki likamdondoka. Akasema hapa, mwanangu, watu wanaandika wanavyosema. Ukiandika nne, wanakuja saa nne. Mshale mfupi ukiwa kwenye kumi.

Watu kumi na moja. Nami nilikuwa na viti kumi na kimoja. Na wakati wananiimbia nilikuwa naihutubia mashine ya kukatia majani na nimekereka.

Mwalimu akanipa nafasi ya mwisho. Leo, baada ya kipindi cha mwisho, nisimame mbele ya darasa niombe radhi, kisha mwenye kutaka aandike jina. Akasema iwe fupi. Akarudia: fupi.

Ingekuwa fupi. Nilikuwa nimeandaa sentensi moja: nisameheni, nilikosea saa. Lakini niliposimama nikaona nyuso zote arobaini zinanitazama kwa pamoja, kitu ambacho hakijawahi kunitokea, nikawaza kwamba sentensi moja itaisha upesi sana. Nikasema nisameheni, nilikosea saa, lakini sikuwa wa kwanza. Mwaka 1582, nikasema, kalenda ya zamani ilikuwa imechelewa nyuma ya jua, na Baba Mtakatifu akaamuru irekebishwe. Nchi zilizotii, watu walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba, wakaamka Ijumaa tarehe 15. Siku kumi zilikwenda wapi? Nikaona macho mawili matatu yamefumbuka. Hapo ndipo ningenyamaza. Badala yake nikaingia Uswidi, ambako waliyavuruga mahesabu yao hadi mwaka 1712 wakawa na tarehe 30 Februari. Uswidi haikuwa kwenye mpango kabisa. Kutoka Uswidi sikujua njia ya kurudi.

Niliongea dakika kumi na nne. Rula alizihesabu. Watu waliondoka mmoja mmoja, kwa heshima, wakipita wameinama kama mtu anayepita mbele ya wageni. Rula alikuwa wa mwisho kati yao. Alisimama karibu yangu, rula kwapani, akasema kwa sauti ya chini kwamba jana saa nne yeye ndiye aliyekuwa mbele kabisa mlangoni. Kisa emu. Alifuta mwisho wa habari ile bila kuusoma, kisha usiku kucha akajuta, maana hakuwahi kujua ilikwishaje. Nikamwambia: emu walishinda. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema, nilikosa chai yangu kwa hilo tu. Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Chumba kimekuwa cha drafti. Amesema ramani ataniachia ukutani, na twiga anaweza kubaki ikiwa nitampunguza sentimita arobaini na tano.

"Tutawaachia," alisema kwanza, halafu akajisahihisha: "tutakuachia."

Nikakusanya karatasi yangu. Nikageuka. Kimya alikuwa bado amekaa dirishani.

Alinyoosha mkono, kama vile bado ni darasa. Sikujua la kufanya, nikamruhusu. Akasema, na sauti yake ni nzito kuliko nilivyofikiria: waliotakiwa kuzaliwa kwenye zile siku kumi, walizaliwa lini?

Sikuwa na jibu. Mimi, Kalenda. Nilisema nadhani siku zenyewe hazikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyetakiwa. Akasema haiwezekani, mama mjamzito hasomi kalenda, muulize mama yako. Nikacheka. Naye akacheka, lakini hana sauti akicheka, mabega tu.

Halafu akaniambia yaliyobaki. Vema zilikuwa zake. Waya ulikuwa wa baba yake, wa kufungia saa ndogo. Na jana saa nne, wenzake walipokata tamaa wakaondoka, yeye alibaki mlangoni hadi kengele ya pili, akaandikwa mchelewaji. Alidhani nimewachoka kabla sijawajua. Nikamwambia nami nilidhani hivyohivyo, ila upande wa pili.

Aliandika jina lake kwenye karatasi yangu. Sasa yako mawili. Niliipeleka kwa Mwalimu, akasema mawili si chama. Akaitazama karatasi tena, akasema lakini si mtu mmoja na mdomo wake.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nilihitaji sababu ya kupita kwenye kibanda cha fundi saa. Sikuwa nayo. Nikamwomba mama saa yake ya kazini, ile anayoibana kifuani. Akasema inakwenda vizuri. Nikamwambia mama, itazame tena. Alinitazama mimi badala yake, akanipa.

Kibanda kina upana wa mlango mmoja, na ndani kuna saa kama sitini, ukutani, mezani, kwenye bakuli. Fundi ana kioo jichoni. Shikamoo baba. Marahaba, binti, ina ugonjwa gani? Nikasema inasema kweli kupita kiasi. Nilikuwa na hofu, sijui kwa nini nilisema hivyo. Aliifungua, akaipuliza, akaifunga, akasema mzima huyu. Kimya hakuwepo, alitumwa kununua betri. Nikaondoka.

Lakini adhuhuri fundi cherehani alinipigia hodi dirishani, akasema kuna mzigo wako umeletwa dukani. Bahasha ndogo ya saa. Ndani, karatasi ndogo zaidi, mwandiko kama nukta za mchwa: Baba amesema ulikuja. Kesho nipo siku nzima. Tukutane wapi, saa ngapi? Zile siku kumi bado nazitaka.

Nimeisoma mara tisa. Mtu ananiuliza saa ngapi.

Sasa, sikutaka kurudia kosa, kwa hiyo nimelifikiria jambo hili kwa utaratibu. Kesho asubuhi yote sipo, namsaidia mama kubeba vitanda vipya vya zahanati. Ni mchana tu, saa tisa. Nitaandikaje? Watu wa hapa wanaandika wanavyosema. Sawa. Lakini Kimya ni binti wa fundi saa. Mtoto aliyekulia mbele ya nyuso sitini atasoma kama uso unavyoonyesha. Ila anajua nilikosea, kwa hiyo atadhani nimejirekebisha, na atasoma kama watu wa hapa. Ila pia anajua kwamba mimi najua kwamba yeye ni binti wa fundi. Basi atasoma kama uso. Iko wazi kabisa.

Mama alinichungulia begani. Akasema, si uandike tu alasiri, mwanangu, yaishe? Nikamwambia mama, kumwandikia binti wa fundi saa "alasiri" ni kumdharau. Mama akasema haya.

Kosa la safari ile lilikuwa kwenye mkazo. Mistari miwili haikutosha. Safari hii nimepiga mitatu. Nimeinakili hapa kama ilivyo, kisha natoka kwenda kuisukuma chini ya mlango wa kibanda:

Kimya mwenzangu, ngazi za mbele ya posta, kesho Jumapili, 3:00 kamili. Ni tarehe 9 Machi, siku ile yule askari alipofuatwa msituni, lakini habari hiyo hujaisikia, uliisubiri nje ya mlango, nitakusimulia tangu mwanzo. Nitaleta mkate na mayai mawili. Jibu la siku kumi sinalo bado, ila tunaweza kulitafuta wawili. Usichelewe, maana mimi nitakuwa nimeshafika. Je, utakuja? Nijibu leo hii, nyuma ya karatasi hii hii.